Weusi wa ngozi si kivuli

Swali: "Jambo sana Mwalimu. Niko kijana wa hapa Goma, mtaa wa Majengo. Nachora sura za watu kwenye simu, na wengine wameanza kunilipa. Shida yangu ni kivuli. Nimemchora koko wangu, mama aliyemzaa mama yangu. Mistari ilikuwa sawa, macho ni yake, pua ni yake, lakini nilipoanza kuweka kivuli uso uligeuka: upande mmoja kama umepakwa makaa, upande mwingine kama umemwagiwa majivu. Mama alipoiona aliniuliza kama koko alikuwa mgonjwa siku ile. Video ninazofuata ni za watu wanaochora wazungu, na nikifuata hatua zao zote bado inatoka vibaya. Nimekutumia foto na kazi yenyewe. Nakosea wapi?"

Jambo sana, mdogo wangu. Aksanti kwa kunitumia faili lenyewe pamoja na foto, maana picha iliyokamilika huficha makosa ambayo leya, zile tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine ndani ya programu, huyaanika. Nimelifungua jana usiku nikalipitia leya kwa leya. Mchoro wa chini ni mzuri, nakuambia kwa moyo wote. Nafasi kati ya macho, mdomo wa juu ulioingia ndani kidogo kwa sababu ya meno yaliyotoka, kitambaa kilivyofungwa kichwani: yule ni koko wako kabisa, hawezi kuwa koko wa mtu mwingine. Mistari usiiguse. Ugonjwa uko kwenye leya mbili za juu. Moja umeiita "nyeusi", nyingine "nyeupe". Ya kwanza umeipaka kwa brashi kubwa laini upande wote wa kushoto, na ya pili kwa brashi hiyohiyo kwenye paji la uso, mashavu na pua.

Nadhani najua kilichopita kichwani mwako, kwa sababu kilipita kichwani mwangu pia kwa miaka. Koko wako ni mweusi hasa. Ulipopaka rangi ya msingi, ngozi yake tayari ilionekana giza kwenye kioo cha simu, ukaichukulia kama kivuli kilichokwisha kuanza. Basi upande wa kivuli ukaongeza giza juu ya giza, na upande wa mwanga ukajaribu kumtoa gizani kwa kumpaka nyeupe. Lakini weusi wa koko ni rangi yake, anatembea nao mchana na usiku. Kivuli ni habari ya mwanga: umetoka wapi, umefika wapi, umezuiwa na nini. Koko akiketi uani saa tatu asubuhi, shavu lake linaloelekea jua liko kwenye mwanga kamili, sawasawa na shavu la mtu mweupe aliyeketi kando yake.

Kabla ya kugusa simu tena, fanya jaribio moja. Ukipita sokoni nunua biringanya moja, ile nyeusi inayong'aa, na yai moja. Viweke mezani karibu na dirisha, mchana, taa zikiwa zimezimwa, kisha keti uvitazame kwa dakika kumi bila kuchora.

Anza na yai. Kutoka upande wa dirisha hadi upande wa pili linageuka polepole, na huwezi kuweka kidole mahali ukasema hapa ndipo kivuli kinapoanzia. Umbo lake lote unalisoma kwenye mgeuko huo. Sasa tazama biringanya. Mgeuko ule karibu haupo, mwili mzima ni giza moja, na bado unaona bila shaka yoyote kwamba ni kitu cha mviringo. Unakionea kwenye mng'ao. Dirisha zima limekaa juu ya ganda lake, dogo, limepinda kufuata mgongo, hata nondo zake zinahesabika. Ukisogeza kichwa, dirisha lile linasogea pia. Upande wa pili pana weupe hafifu mrefu. Huo ni ukuta. Na pale biringanya inapokutana na meza, rangi ya meza imepanda kidogo tumboni mwake.

Ukishaona hayo, chukua unga wa muhogo kidogo, uinyunyizie biringanya na uipanguse hadi vumbi lienee kote. Dirisha linapotea. Biringanya imekuwa ya kijivu, imepauka, na ule mviringo umelala. Ndicho ulichomfanyia koko kwa leya yako nyeupe. Yeye anajipaka mafuta usoni kila asubuhi, nawe ukamnyunyizia unga. Mama yako aliuliza swali la haki kabisa.

Ngozi zetu zote ziko mahali fulani kati ya yai na biringanya, na sababu yake inafaa uijue, kwa sababu ukiijua hutahitaji kukariri hatua za mtu. Mwanga ukigonga uso wa mtu unagawanyika. Sehemu kubwa inapenya ngozi, inazunguka ndani, inakutana na melanini, ile rangi ya asili iliyo ndani ya ngozi, na damu, kisha inayobaki inatoka nje ikiwa imechukua rangi ya mtu huyo. Sehemu ndogo haiingii kabisa. Inadunda juu ya ngozi kama kwenye maji na kurudi na rangi yake ileile ya mwanzo. Melanini hunywa mwanga ule wa kwanza, haiwezi kuugusa ule wa pili. Kwa hiyo mng'ao kwenye paji la uso la koko wako una nguvu sawa na mng'ao kwenye paji la mzungu aliyejipaka mafuta yaleyale. Tofauti ni kwamba kwa mzungu unazama katikati ya ngozi ambayo tayari ni angavu, na kwa koko unasimama peke yake unaonekana. Na kwa kuwa unabeba rangi ya kilichoung'arisha, koko akiketi kivulini chini ya anga wazi, mng'ao wa paji lake una ubuluu. Ukichota rangi pale kwenye foto utashangaa: kahawia imepungua sana, na kilichobaki kinakaribia rangi ya mawingu.

Ndiyo maana zile video hazikusaidii sana. Mwenye kuchora uso mweupe anasimulia umbo kwa mgeuko wa kivuli, pamoja na ule wekundu unaojitokeza pale mwanga unapoishia, kwa sababu mwanga umepenya na kutokea kando. Anachokufundisha ni kweli, ila ni kweli ya yai. Kamera zenyewe zilianza hivyo: kwa miongo mingi maabara za foto za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe. Ukichora uso wa koko, mgeuko bado upo na lazima uuchore, lakini kazi kubwa zaidi inafanywa na mng'ao: mahali ulipo, umbo lake, kingo zake na rangi yake.

Nikuonyeshe majivu yako kwa hesabu. Nimechota rangi ya msingi ya shavu kwenye faili lako, kwa zile tarakimu za simu zinazoanzia 0 hadi 255: nyekundu 120, kijani 78, buluu 54. Ni kahawia nzuri, ukoleo wake, yaani nguvu ya rangi yenyewe, ni asilimia 55. Ukipaka nyeupe juu yake kwa nguvu ya asilimia 40, unapata 174, 149, 134. Ung'avu umepanda kutoka asilimia 47 hadi 68, ndicho ulichotaka, lakini ukoleo umeporomoka kutoka 55 hadi 23. Rangi imekimbia. Ukiwa na doa dogo la mng'ao hilo linaruhusiwa, kwa sababu mng'ao kweli hauna rangi ya ngozi. Wewe umelifanya shavu zima. Shavu lililo kwenye mwanga linapaswa kupanda ung'avu huku likishikilia ukoleo wake: jaribu 158, 104, 72 na uweke kando ya ile ya kwanza, uone tofauti kwa macho yako.

Nyeusi nayo ina kosa lake. Ukipaka nyeusi kwa asilimia 50 unapata 60, 39, 27. Aina ya rangi haijabadilika hata kidogo, ni ileile iliyopunguzwa. Ndiyo maana upande ule unafanana na taa iliyozimwa, badala ya shavu lililogeuka kando na mwanga. Kivuli cha kweli kina mwanga wake, dhaifu, unaotoka mahali pengine. Kama mwanga huo ni wa anga la buluu, kahawia inasogea kuelekea zambarau. 58, 38, 34 ingefaa pale ulipoweka makaa. Tofauti ya tarakimu ni ndogo sana, buluu imeongezeka 7 tu, lakini jicho linaikamata mara moja.

Sasa foto. Niruhusu niseme wazi: hata mimi nisingeweza kupata uso mzuri kutoka kwenye foto hiyo. Umempiga koko saa sita mchana, uani, jua likiwa utosini. Goma iko chini kidogo tu ya ikweta, na miezi ya tatu na ya tisa jua la saa sita linapita karibu kabisa juu ya kichwa. Macho yanaingia kwenye mashimo, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo, mashavu yanachomwa. Juu ya hayo, simu yako imejaribu kusaidia: imeinua vivuli, imesugua makunyanzi kwa ile modi ya urembo, kisha foto imebanwa ilipotumwa kwa WhatsApp. Ulikuwa unanakili kivuli ambacho hakipo tena.

Mpige upya. Mkalishe ndani ya mlango, hatua moja nyuma ya kizingiti, akitazama nje, asubuhi saa mbili au saa tatu, upande ambao jua halimpigi moja kwa moja. Mlango ulio wazi ni chanzo kikubwa cha mwanga karibu na uso, na chanzo kikiwa kikubwa na karibu, kingo za kivuli zinalainika zenyewe. Nyuma yake chumba kiwe na giza. Mwambie ageuze bega kidogo ili upande mmoja wa uso uelekee zaidi nje. Zima modi ya urembo, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo na siyo kwenye ukuta, kisha foto ihamishe kama faili la kawaida ili isibanwe. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa zamani wa Italia, aliwashauri wachoraji wa sura watumie ua wenye kuta zilizopakwa nyeusi, na turubai juu yake kukinga jua, au wangoje jioni na siku za mawingu, kwa sababu nyuso hapo zinapata ulaini. Kila nikipita kwenye nyua zetu zilizozungushiwa mawe ya lava namkumbuka. Ua aliokuwa anautafuta tunao kila mtaa.

Na hayo mawe yananileta kwenye jambo ambalo hakuna video itakayokuambia. Wote wanafundisha kwamba chini ya taya, ndani ya kivuli, kuna mwanga unaodunda kutoka chini, na wewe umeuweka: mstari mzuri wa rangi ya chungwa chini ya kidevu cha koko. Umetoka wapi? Koko ameketi juu ya lava. Ile iliyoshuka Januari 2002 kutoka volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji bado tunaikanyaga hadi leo, na jiwe hilo ni jeusi, linameza mwanga badala ya kuurudisha. Lubumbashi ingekuwa kweli: kiangazi pale ardhi nyekundu inarusha rangi ya matofali hadi chini ya pua za watu, na mchoraji asiyeiweka anadanganya. Hapa kwetu chini ya kidevu panazama. Isipokuwa nguo. Kikwembe cha manjano kifuani ni kioo cha rangi. Kitainua manjano chini ya taya na pembeni mwa shingo. Foto yako inaonyesha koko amevaa kikwembe cha buluu iliyokolea, kwa hiyo chini ya kidevu weka ubuluu kidogo sana, wa giza, uishie hapo.

Namna ya kupaka. Fungua karatasi ya pikseli 2480 kwa 3508, ambayo ni A4 kamili kwa kuchapisha. Simu yako itaibeba ukiwa na leya chache, na chache ndizo ninazotaka. Juu ya mistari weka rangi moja ya msingi. Kisha, kwa brashi ngumu isiyo laini hata kidogo, chora umbo la kivuli chote kwa rangi moja tu. Usiweke giza zaidi hapa na hafifu pale. Kivuli cha tundu la jicho, cha upande wa pua, chini ya pua, mdomo wa juu, chini ya mdomo wa chini, upande wa shavu, shingo: vyote rangi moja, kama kipande cha karatasi kilichokatwa kwa mkasi. Finya macho unapotazama foto hadi uone vipande viwili tu, kilichopata mwanga na kilichokosa. Punguza picha hadi iwe ukubwa wa foto ya pasipoti. Kama koko anatambulika hapo, kivuli chako kiko sawa na kilichobaki ni kupendezesha. Kama hatambuliki, brashi laini haitamrudisha.

Hapa kuna kanuni ambayo siivunji: sehemu yenye giza kuliko zote upande wa mwanga iwe bado na mwanga kuliko sehemu angavu kuliko zote upande wa kivuli. Angalia kazi yako, mkunjo ulio upande wa mwanga, kati ya pua na mdomo, ni mweusi kuliko kivuli cha shavu la pili. Ndiyo maana unaonekana kama chale.

Baada ya hapo ndipo unashughulikia kingo, na hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna kivuli ambacho uso unajitengenezea wenyewe kwa kugeuka, kama upande wa shavu. Ukingo wake ni laini, na shavu nono lina ukingo laini kuliko la mtu aliyekonda. Na kuna kivuli kilichoangushwa na kitu kingine, kama kitambaa cha koko juu ya paji lake. Hicho ukingo wake ni mkali pale kilipo karibu na kitambaa, na kinazidi kulainika kadiri kinavyokwenda mbali nacho. Tena kinafuata mlima na bonde la paji: kwenye foto yako mstari wa kivuli cha kitambaa unapinda kama bakuli, wewe umeuchora ulionyooka, na paji zima likawa ubao. Ukiupinda huo mstari mmoja tu kama ulivyo kwenye foto, paji litavimba mbele ya macho yako bila rangi nyingine yoyote.

Kile kifaa cha kusugua, chenye alama ya kidole, kifiche kwa mwezi mmoja. Naomba sana. Kinafanya kingo zote ziwe sawa, na uso ambao kingo zake zote ni sawa unafanana na mpira. Badala yake chota rangi iliyo katikati ya mbili, ipake kwenye mpaka kwa brashi yenye ukingo, kisha chota tena katikati. Ni kazi ya polepole, lakini kila mpaka unakuwa umeamuliwa na wewe.

Mng'ao uje mwisho, kwenye leya yake, kwa brashi ndogo. Usiutafute kwa kukisia. Rudi kwenye foto: paji lina miwili, mmoja juu ya kila nyusi, kwa sababu mfupa wa koko una vilima viwili pale, daraja la pua lina mmoja mrefu unaokatika katikati, ncha ya pua mmoja mdogo mkali, mfupa wa shavu mmoja mpana uliofifia, mdomo wa chini mistari mifupi ya wima kwa sababu ya mikunjo. Ncha ya pua ina mafuta zaidi, kwa hiyo mng'ao wake una kingo kali kuliko wa shavu. Rangi yake iwe ile ya anga au ya mlango, kijivu chenye ubuluu, wala isifike nyeupe tupu. Ukitaka kujua nguvu ya jambo hili, wachore siku moja wasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanapopandisha mzigo. Jasho likiwatoka, nyuso zao zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara, mfupa kwa mfupa.

Macho ya koko umeyapaka nyeupe kabisa, na meno vilevile. Nyeupe ya jicho ni mpira ulioketi chini ya kope, na kope la juu linaangusha kivuli juu yake. Kwenye uso wa ung'avu wa asilimia 47, nyeupe ya jicho ikiwa asilimia 60 tayari inasomeka nyeupe. Kwa wazee ina umanjano na wekundu kwenye kona. Iache nyeupe tupu kwa nukta moja ya mwanga kwenye mboni.

Makunyanzi: umechora mistari. Kila kunyanzi ni bonde lenye kilima kando yake, kwa hiyo lina upande wa giza na upande unaopata mwanga, na yaliyo ndani ya kivuli karibu hayaonekani kabisa. Chagua saba au nane yanayomfanya awe yeye, mengine yaache yazame. Kuhusu pua, usiazime kivuli cha pua nyembamba ya video. Pua ya koko ina mabawa mapana ya mviringo, na kila bawa lina mwanga wake, kivuli chake na mng'ao wake mdogo. Itazame kama matunda matatu yaliyokaa pamoja.

Wengine watakushauri uchore kwanza kwa kijivu kisha ufunike na leya ya rangi. Kwa ngozi nyeusi mimi nimeiacha njia hiyo. Rangi iliyofunikwa juu ya kijivu cha giza hutoka imekufa, na utakesha ukijaribu kuifufua. Paka rangi tangu mwanzo. Ukitaka kupima giza na mwanga, weka juu kabisa leya iliyojaa kijivu kwenye modi ya rangi, tazama, kisha izime.

Jambo dogo ambalo limeniharibia kazi nyingi: ukichora usiku umeme ukiwa umekatika, simu huenda iko kwenye modi ya kulinda macho, ile inayofanya kioo kiwe na umanjano. Izime. Ukiiacha, utaongeza ubuluu bila kujua, na asubuhi utakuta mtu amekuwa rangi ya risasi. Na kabla ya kuchapisha kumbuka kwamba kioo cha simu kinatoa mwanga na karatasi haitoi. Nilichora sura ya baba mmoja kwa ajili ya matanga, kwenye kioo ilikuwa nzuri mno, ikachapishwa kubwa, na pale kwenye matanga familia haikuweza kuona macho yake kwa sababu vivuli vyote vilikuwa vimegeuka nyeusi moja. Nilimwona mjane wake akisogea karibu na picha kuyatafuta. Tangu siku hiyo sishuki chini ya ung'avu wa asilimia 10, isipokuwa kwenye matundu ya pua na mstari wa midomo, na huchapisha kwanza kipande cha kiganja chenye jicho moja na shavu.

Utakutana pia na wateja watakaokuambia uwang'arishe kidogo. Wengi wanachochukia si weusi wao. Wamezoea kujiona kwenye picha mbaya, wakiwa wamezama au wamepauka, na wanadhani dawa ni weupe. Mimi sikubali kubadilisha rangi ya msingi. Namwomba mteja aketi mlangoni, nampiga foto nyingine, namwekea mng'ao wake mahali pake, kisha namwonyesha. Sijawahi kupata mtu aliyerudia ombi lake baada ya hapo.

Leya zako mbili zifute leo. Ile ya mistari na ya rangi ya msingi zibaki. Mpige koko foto mlangoni, chora umbo la kivuli kwa rangi moja, ulinitumie likiwa hapo kabla hujalainisha ukingo wowote. Na muombe asivue kile kitambaa. Kivuli chake juu ya paji ndicho kitakachokufundisha zaidi.